Pumzi ya Mchana ya Fundi Shamte

Pumzi ya kwanza itupeni. Hilo ndilo somo langu la mwanzo kwenu nyie mnaosomea afya ya kazini, na kwenu nyie wengine mnaopaka rangi magari na kugundisha makochi hapa Kibiti, mkidhani somo haliwahusu. Mtu akikupulizia kwenye mfuko, hewa inayotangulia imetoka mdomoni na kooni tu. Imebeba chai ya asubuhi, imebeba tambuu, bado haijaonana na damu. Mwambie avute hewa, aizuie kidogo, kisha aitoe taratibu. Nusu ya mwanzo iache iende zake, ndipo umpe mfuko. Ile ya mwisho, anayoitoa huku tumbo linajikunja na macho yamemtoka, ndiyo iliyokuwa chini kabisa ya mapafu ikipokea vinavyotoka kwenye damu. Hiyo haijui kusema uongo. Uongo ni kazi ya watu, nao nitawaeleza.

Niliifanya kazi hiyo miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na kila mwenye fedha akakaribishwa kama bwana harusi. Nilikuwa fundi wa maabara katika kitengo kimoja cha serikali, Dar es Salaam. Nasema kitengo ili lisikike jambo kubwa, lakini kilikuwa chumba kimoja, mashine moja ya wafadhili iliyofunikwa kitambaa kama maiti, na bosi wangu Mzee Mapunda. Mtu wa Songea huyo, mwembamba, hacheki, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakigusa. Alinusa bahasha. Alinusa viti vipya. Siku yangu ya kwanza alininusa mimi, akaniambia, "Mafuta ya nywele uliyopaka yataonekana kwenye mashine. Kesho uje bila mafuta."

Nilikasirika sana. Baadaye nilikuja kumwelewa, kwa aibu. Nilitumwa kwenye kinu kimoja cha unga kuchukua pumzi za wafanyakazi, nikarudi na mifuko yangu kwenye buti la gari, karibu na dumu la petroli ya akiba. Mzee Mapunda alisoma majibu, akavua miwani.

"Mwanaidi, hawa wasaga unga wako wanakunywa petroli?"

Tangu siku hiyo mifuko ilisafiri mapajani kwangu kama mtoto mchanga. Nanyi fanyeni hivyo. Mfuko unavuta kila harufu ya jirani yake.

Huyo mzee ndiye aliyenieleza kwamba hata wanaosafiri anga za juu hupimwa pumzi. Alikuwa amesoma. Chombo kile, alisema, kimefungwa kila upande. Plastiki inatoa mvuke, gundi inatoa mvuke, rangi nayo, hata miili yao wenyewe. Hakuna dirisha la kufungua. Basi wanapimwa kabla hawajaondoka na wanapimwa wakirudi, ili ijulikane walivuta nini na mwili umebaki na nini. "Kwa sababu mmoja wao akianguka huko," alisema, "dunia nzima itauliza kwa nini." Kisha akaongeza, "Kipimo ni kilekile. Wa kuuliza ndio hatuna."

Wakati ule niliona ni maneno ya mzee mwenye tumbo linalouma.

Salale, kijiji cha mdomoni mwa mto Rufiji, tulikwenda kwa sababu ya boti. Biashara ya kamba wa baharini ilikuwa imepamba moto, wanunuzi wanatoka mjini na barafu yao, na tajiri mmoja akaona mashua za mbao ni nzito na zinavuja. Akafungua karakana ya boti za faiba ukingoni mwa mkono mmoja wa mto, banda refu la mabati katikati ya mikoko. Boti ya faiba haichongwi. Unatandika mikeka ya nyuzi za kioo juu ya umbo, unaimwagia gundi nzito ya rangi ya asali, unasugua kwa rola, unangoja ikauke, unatandika tena. Vijana wa pale waliiita hiyo gundi asali hasa. Harufu yake nayo ni tamu. Mara ya kwanza inakukata pua, baada ya siku chache huisikii kabisa, na hapo ndipo pa kuogopa. Pua ikinyamaza msifikiri hatari imeondoka.

Mzee Mapunda alinichagua mimi kwa kuwa mama yangu ni Mndengereko wa hapahapa Kibiti. Alidhani watu watanisikiliza. Nilishuka pale na sanduku la mifuko inayong'aa na mirija ya kioo, nikawaeleza kuwa pumzi itatoka kwenye mfuko ipite kwenye mrija, na ndani ya mrija mna punje za mkaa zinazonasa mvuke ili tuupeleke Dar kwenye mashine.

Banda zima likaangua kicheko.

"Mkaa!" alisema mmoja. "Dada, umetoka Dar kutuletea mkaa Rufiji?"

Nami nilicheka. Lakini walipomaliza kucheka hakuna aliyetaka kupuliza. Uvumi ulikuwa umeshanitangulia kwamba mimi ni mumiani wa kisasa, wale wa zamani walichukua damu, huyu anachukua roho kwa mfuko. Nikakaa nusu siku juu ya dumu tupu na mifuko yangu.

Aliyeinuka alikuwa fundi Shamte. Nataka mumjue vizuri mtu huyu. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mabega mapana, mikono ina makovu ya tezo, kwa maana alikuwa fundi wa mashua za mbao kabla mbao hazijakosa wateja. Baba yake alikuwa fundi, babu yake fundi. Kukalafati mashua, kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta ya papa, alijua tangu hajabaleghe. Boti za faiba zilipokuja alikwenda kuomba kazi ya kusugua rola, na mdogo wake Seleman akamfuata. Hakuona haya. Alisema, "Boti ni boti. Ikielea, mimi fundi."

Alichukua mfuko, akaupuliza hadi mshipa wa shingo ukasimama, akanirudishia.

"Haya, roho yangu hiyo. Ikifika Dar isalimie."

Baada yake walipanga mstari. Wakanipa jina, Dada Puliza, na hadi leo wapo wazee wa Salale wanaoniita hivyo.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia likazuka jambo jingine. Je, kupuliza mfuko kunafunguza? Walibishana asubuhi nzima huku nimeshika mfuko mkononi. Hatimaye wakamtuma mtu kwa mwalimu wa madrasa, akarudi na jibu: kinachofunguza ni kinachoingia kwa kukusudia, hiki kinatoka, pulizeni. Shamte akasema, "Basi mwalimu aje atuambie na hii asali tunayoivuta mchana kutwa. Hiyo inaingia." Watu walicheka, kisha mmoja mmoja wakarudi kwenye rola zao.

Mwezi huohuo nilijifunza jambo ambalo hamtalikuta kwenye mafunzo yenu ya haraka haraka. Majibu yalirudi yakionyesha asetoni imepanda kwa kila mtu. Asetoni walikuwa wanaoshea mikono na rola, kwa hiyo nikaandika kwa haraka kwamba hali imekuwa mbaya. Mzee Mapunda akaniuliza, "Na huyu mama anayewapikia futari, anaosha rola?" Haoshi. Yuko nje kwenye moshi wake. Naye nilimpima, imepanda. Mzee akanieleza kuwa mwili wenye njaa unayeyusha mafuta yake na kutengeneza asetoni yenyewe. Kwa hiyo kabla hujamlaumu tajiri, muulize mtu amekula nini na lini. Haki ya mfanyakazi inaharibiwa na kipimo kibovu kuliko inavyoharibiwa na meneja.

Lakini ule mvuke wa asali yenyewe, hakuna mwili unaoutengeneza. Huo ulikuwamo kwenye pumzi zao jioni wakitoka, na ulikuwamo asubuhi wakija, kabla hawajaingia bandani. Pima asubuhi, nawaambia. Pumzi ya jioni inakuambia mtu alivuta nini leo. Ya asubuhi inakuambia kilichojificha kwenye mafuta ya mwili wake, ambacho usiku kucha hakikupata nafasi ya kutoka.

Niliwahi kuwasimulia habari za wale wa anga za juu. Ilikuwa wakati wa chakula, tumekaa kwenye magogo. Shamte alisikiliza hadi mwisho.

"Wale hawana dirisha," alisema.

"Hawana."

"Sisi tunayo. Meneja kayapigilia misumari."

Ilikuwa kweli. Upepo wa mtoni ulileta vumbi na wadudu, vinanata kwenye gundi mbichi, boti inatoka na vipele, mteja anakataa. Kwa hiyo madirisha yote yalipigiliwa mbao, na mlango mkubwa ulifunguliwa boti inapotoka tu. Nilimwambia meneja, kijana mmoja mwenye shati jeupe siku zote, kwamba watu wake wanahitaji hewa. Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada yangu, nikifungua dirisha nitauza nini?"

Sasa nifike kwenye pombe, maana ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Mvuke ule unalevya. Mtu akiuvuta mchana kutwa, jioni anatoka anayumba, ulimi mzito, macho mekundu, jina la mwanawe linamponyoka. Watu wa kijijini waliwaona vijana wa karakana wanarudi hivyo kila jioni, wakahukumu. Wanakunywa mle ndani. Ndiyo maana madirisha yamezibwa. Wengine walikuwa walevi kweli, siwezi kuwatetea wote. Lakini Shamte hajawahi kuonja. Alikuwa mtu wa sala tano, na msikitini walianza kumwachia nafasi kwenye safu. Hakuna aliyemwambia neno. Walisogea tu. Aliniambia siku moja, tena alikuwa hacheki, "Dada, jana nimeswali magharibi na kulia kwangu hakuna mtu na kushoto kwangu hakuna mtu."

Nyumbani mkewe, Hadija, alikuwa analala na mtu anayenuka utamu asioujua. Alimwuliza mara moja. Alipoapa, akanyamaza. Mke akinyamaza si kwamba ameamini.

Nilimweleza Mzee Mapunda. Safari iliyofuata alinipa kitu kipya, mirija midogo yenye punje za manjano. Mtu aliyekunywa pombe akiipuliza, punje zinageuka kijani. Ambaye hajanywa, zinabaki manjano. "Wapime wote," aliniambia, "asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana. Atakayewaita walevi apate jibu." Shamte aliufurahia mrija ule kuliko wote. Alipuliza, akauinua kwenye mwanga, akauliza, "Rangi gani hiyo?" Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Manjano na weupe vilikuwa vimeanza kumchanganya, nayo ni kazi ya mvuke uleule. Nikamwambia ni manjano safi. Akaomba aupeleke nyumbani. Nilimkatalia, mrija una tindikali ndani. Akasema basi nimwambie Hadija kwa mdomo wangu, nikamwahidi kuwa Ijumaa, tukimaliza kupima, tutakwenda pamoja hadi kwake.

Hatukuifikia Ijumaa hiyo.

Walikuwa na boti kubwa ya kubebea kamba, yenye chumba cha barafu tumboni. Chumba hicho kina kitundu kimoja juu, cha kupita mtu mmoja akijibana. Ndani kinatandikwa faiba kuta zote, sakafu, na dari. Ripoti yetu ya kwanza ilikuwa imesema wazi kwamba mtu asiingie humo bila feni ya kumpulizia hewa na bila mwenzake nje wa kushika kamba aliyojifunga kiunoni. Feni haikununuliwa. Mkuu mmoja wa pale mjini alimwambia Mzee Mapunda mbele yangu, "Mapunda, unataka tuwafukuze wawekezaji kwa sababu ya harufu?"

Mchana ule Shamte alitoka kuswali adhuhuri, akala, akaja kunipulizia. Mrija wa manjano, ukabaki manjano. Mfuko mkubwa, nikaupitisha kwenye mkaa, nikaufunga. Akarudi ndani. Seleman mdogo wake alikuwa ameshaingia kwenye chumba cha barafu. Haikupita muda mrefu nikasikia watu wanaita jina lake, Seleman, Seleman, halafu kishindo cha ndoo.

Nilipofika Shamte alikuwa amevua shati, amelifunga puani, ameinamia tundu. Nilipiga kelele asiingie. Wengine nao walipiga kelele. Akatugeukia akasema, "Ni mdogo wangu," kama mtu anayeeleza jambo dogo, akazama. Tuliona mikono ya Seleman inatokeza kwenye tundu, tukamvuta, anakoroma, mzima. Tukangoja mikono ya Shamte. Tundu lilikuwa jembamba, na kila aliyejaribu kumfuata alirudi analia machozi na kutapika. Walichukua mashoka wakapasua ubavu wa boti. Meneja alikuwa anasema, "Pole pole, pole pole," na hadi leo sijui alikuwa anatuambia sisi au anaionea huruma boti.

Walimtoa. Nilimpulizia mdomoni mimi mwenyewe, mbele ya wanaume wote, na pumzi yake iliyokuwa inanirudia ilikuwa tamu. Hakuamka.

Kamati ya kuchunguza kifo kile ilikuja. Walikaa kivulini, wakanywa madafu, wakaita watu mmoja mmoja. Meneja alisema marehemu alikuwa amelewa, akajiingiza chumbani kinyume cha maagizo. Niliposema nilimpima, mwenyekiti aliniuliza majibu yako wapi. Nikaonyesha mrija wa manjano. Akasema huu ni mrija tu, na kuhusu ule wa mkaa, majibu hayajatoka Dar. "Tena pumzi, bibi, ni kitu kinachopita. Ushahidi ni kitu kinachokaa."

Kisha akaitwa Seleman. Alikuwa bado anakohoa, macho yamevimba. Nilifurahi kumwona anaingia, nikajua huyu ndiye atakayesema.

Akaulizwa, "Kaka yako alikuwa amekunywa?"

Akatazama miguu yake. "Alikuwa anakunywa kidogo."

"Siku hiyo?"

"Na siku hiyo."

Nilisimama nikasema ni uongo. Nikatolewa nje. Mzee Mapunda aliyekuwa amefika kutoka Dar alinishika mkono.

Majibu ya mkaa yalitoka baada ya kamati kufunga kazi yake. Pombe hakuna. Asali tele, kiasi ambacho Mzee Mapunda alipima tena mara ya pili akidhani mashine imekosea. Alipeleka majibu kila ofisi anayoijua. Ofisi ya kwanza ilimwambia suala limefungwa, ya pili ikamwambia aende ya kwanza.

Mimi nilikwenda Ruaruke, kwa wazazi wa Hadija, alikopelekwa kukaa eda kwa kuwa pale Salale walikuwa wamepanga tu chumba. Nilitembea kutoka barabarani na jua la mchana. Baba yake alinikuta uani. Nikamwambia nilichokuja nacho: mkweo hakuwa amelewa, nimempima mchana uleule, majibu haya hapa, naomba nimwambie binti yako. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Ndugu yake mwenyewe amesema alikunywa," alisema. "Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ndiye niliyempima."

"Mwanangu yuko edani. Haonani na maneno ya barabarani. Nitamfikishia."

Nikamshukuru. Nikarudi barabarani kwa miguu.

Karakana ilihamishiwa Dar, sehemu yenye umeme wa uhakika. Walichukua mafundi wachache, Seleman akiwemo. Wengine walibaki na banda la mabati lisilo na kazi, na lawama zote zikaangukia mifuko yangu. Nilipopita Salale mara ya mwisho mama mmoja aliyekuwa anawauzia maandazi alinitemea mate miguuni. "Umetupulizia riziki yetu," alisema. Na watoto wake walikuwa na njaa kweli.

Kisha ukaja mwaka wa kupunguza watumishi. Mzee Mapunda alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Aliifunika mashine kitambaa chake, akanusa mara ya mwisho kile chumba, akarudi kwao kulima mahindi. Hatukuagana vizuri, alikuwa na uchungu na kila mtu. Mradi wa wafadhili ulipokwisha mashine ikaharibika kifaa kidogo tu, na hakuna aliyeagiza kingine. Mimi nilihamishiwa maabara ya hospitali, nikasoma vioo vya malaria hadi nikastaafu. Kazi nzuri, ya heshima. Lakini kila nilipoinama kwenye darubini nilijua kuna watu mahali fulani wanavuta kitu na hakuna wa kuwauliza pumzi.

Nimerudi kwetu Kibiti. Na hapa, si muda mrefu uliopita, Hadija alinijia nyumbani. Sikumjua. Mwanamke mtu mzima, ameshikwa mkono na bintiye aliyeolewa Ikwiriri. Alikaa, akapewa maji, hakuyanywa.

"Wewe ndiye Dada Puliza?"

"Ndimi."

"Baba yangu amefariki. Alipokuwa kitandani aliniambia kuna mwanamke wa mifuko alikuja nikiwa edani. Alisema nimsamehe. Nikamwuliza alikuja kusema nini, akawa hawezi tena kuongea." Alinitazama usoni. "Ulikuja kusema nini?"

Nikamwambia. Sikuhitaji karatasi, yale majibu niliyaishi. Nikamwambia alitoka kuswali, akala, akapuliza, rangi ilibaki manjano. Nikamwambia ile harufu tamu ilikuwa nini. Nikamwambia kwa nini alikuwa anayumba, na kwa nini alisahau majina, na kwamba alitaka nije naye nyumbani Ijumaa ile niyaseme mbele ya mkewe.

Hakulia. Bintiye akamgusa bega.

"Miaka yote hii," alisema, "kila nikiswali namwombea msamaha wa pombe. Wanangu nimewalea nikiwaambia wasiwe kama baba yao."

Binti aligeuza uso ukutani.

Kisha Hadija akainuka akaniambia nimpeleke kwa Seleman. Seleman alisharudi kutoka Dar, yupo hapahapa mjini, ana duka la mabati na saruji, mtu wa heshima, ana kikohozi kisichoisha. Tulimkuta barazani kwake. Alipomwona shemeji yake aliinuka haraka, akaagiza soda, akauliza habari za watoto. Hadija hakujibu salamu.

"Shemeji, Shamte alikuwa amekunywa siku ile?"

Seleman alinitazama mimi, akatazama barabarani, pikipiki zinapita. Alikohoa kwa muda mrefu. Akaketi.

"Hakunywa," alisema. "Kaka hajawahi kunywa. Watu wa karakana waliniambia niseme vile, la sivyo nibaki Salale na mtu asinipe kazi tena. Nilikuwa na mke ana mimba, shemeji. Nikaona kaka ameshakufa, maneno hayamuumizi." Alifuta macho. "Nimetaka kukuambia mara nyingi. Halafu nikasema, mambo ya zamani yale, si yameshapita?"

Hadija alijifunga kanga yake vizuri kiunoni, akamtazama mtu yule ambaye mumewe alimtoa tumboni mwa boti kwa mikono yake.

"Yamekupita wewe," alisema.